Shajara ya mradi: kadi 36 za mageuzo kwenye gridi, na pembetatu moja ya kuzipima

Wiki ya 1: kutafuta umbo lisilodanganya

Kazi ni hii: kadi 36 za mazoezi ya mageuzo ya kijiometri kwenye bapa la majiranukta. Mbele ya kila kadi kuna gridi, umbo na swali. Nyuma kuna jibu. Mgawanyo wa sasa ni uhamisho 3, uakisi 10, mzunguko 10, ukuzaji 5, mlazo 2 (umbo linasukumwa upande kama rundo la karata), na mchanganyiko 6. Uhamisho umepewa kadi chache kwa makusudi, kwa sababu haumsumbui mtu: unaongeza namba moja kwenye x na nyingine kwenye y, basi. Sambamba na kadi inaandikwa programu ndogo ya kuhakiki kila jibu kabla ya kuchapa.

Kabla ya kadi hata moja, limechaguliwa umbo la majaribio. Rasimu ya kwanza ilitumia mraba wa (0, 0), (2, 0), (2, 2), (0, 2), na ukafeli siku hiyo hiyo. Ukiuzungusha nyuzi 90 kinyume cha saa kwenye chanzo (0, 0), unakaa juu ya (0, 0), (0, 2), (−2, 2), (−2, 0). Ukiuakisi kwenye mhimili wa y, unakaa juu ya nukta zile zile nne. Aliyezungusha na aliyeakisi wanatoa mchoro mmoja, na kadi haiwezi kumjua aliyekosea. Maumbo yenye ulinganifu ni mazuri kwa macho lakini ni mashahidi wabovu.

Rasimu ya pili: pembetatu ya (1, 1), (4, 1), (1, 3). Pande zote tatu zina urefu tofauti, kwa hiyo haina ulinganifu. Ila kipeo (1, 1) kiko juu ya mstari y = x, na kwenye uakisi wa mstari huo hakisogei hata kidogo. Mtu anaweza kukiacha hapo kwa kusahau na akaonekana amepatia.

Iliyobaki kazini ni A(2, 1), B(5, 1), C(2, 3). Hakuna kipeo kilicho juu ya mhimili wowote, wala juu ya y = x, wala juu ya y = −x. AB = 3, AC = 2, BC = √13, yaani takribani 3.61. Eneo ni 3. Kila mahali kwenye shajara hii, A, B na C ni nukta hizi.

Hakiki mbili zimewekwa tangu mwanzo:

Kwanza, urefu wa pande tatu za taswira, yaani umbo linalotoka baada ya geuzo.

Pili, eneo lenye alama: ½[(xB − xA)(yC − yA) − (xC − xA)(yB − yA)]. Kwa ABC jibu ni ½(3 × 2 − 0 × 0) = +3. Chanya maana yake ukisoma A, B, C kwa mpangilio unazunguka kinyume cha saa. Uhamisho na mzunguko vinaiacha +3 kama ilivyo. Uakisi unaigeuza kuwa −3. Hakiki hii moja inakamata makosa mengi kuliko kutazama mchoro kwa dakika kumi.

Wiki ya 2: sheria nane za chanzo

Kadi 9 zimeandikwa. Zote zinatumia chanzo (0, 0) kama kitovu, au mstari wa kioo unaopita hapo. Taswira za pembetatu yetu:

mhimili wa x, (x, −y): A′(2, −1), B′(5, −1), C′(2, −3)
mhimili wa y, (−x, y): A′(−2, 1), B′(−5, 1), C′(−2, 3)
mstari y = x, (y, x): A′(1, 2), B′(1, 5), C′(3, 2)
mstari y = −x, (−y, −x): A′(−1, −2), B′(−1, −5), C′(−3, −2)
nyuzi 90 kinyume cha saa, (−y, x): A′(−1, 2), B′(−1, 5), C′(−3, 2)
nyuzi 90 kwa mwelekeo wa saa, (y, −x): A′(1, −2), B′(1, −5), C′(3, −2)
nyuzi 180, (−x, −y): A′(−2, −1), B′(−5, −1), C′(−2, −3)

Ya nane ni kutofanya kitu, (x, y). Inaonekana ya kijinga, lakini bila hiyo hesabu ya mchanganyiko haifungi: uakisi ule ule ukifanywa mara mbili unarudi hapo.

Wanaokariri orodha hii huchanganya (y, x), (−y, x) na (y, −x). Njia ya kuitenganisha bila kukariri ni kuhesabu alama za kutoa. Kama x na y hazijabadilishana nafasi, alama moja ya kutoa ni uakisi, na mbili ni nusu mzunguko. Kama zimebadilishana nafasi, mambo yanageuka: alama moja ni mzunguko wa nyuzi 90, na sifuri au mbili ni uakisi. Sababu ni kwamba kubadilishana nafasi ni uakisi tayari (ule wa y = x), na kila alama ya kutoa ni uakisi mwingine. Uakisi witiri ni uakisi, uakisi shufwa ni mzunguko.

Kujua kama (−y, x) ni kinyume cha saa au kwa mwelekeo wa saa, usifikiri juu ya pembetatu nzima. Peleka (1, 0). Inatoka (0, 1): imepanda kutoka upande wa kulia kwenda juu, hivyo ni kinyume cha saa. Sekunde tatu.

Kasoro iliyogundulika kwenye kadi ya 7: swali lilisema "zungusha nyuzi 90" bila mwelekeo. Desturi ya hesabu ni kwamba pembe chanya ni kinyume cha saa, lakini kadi haipaswi kutegemea desturi. Kadi zote za mzunguko sasa zinataja vitu vitatu: pembe, mwelekeo, kitovu. Nyuzi 180 pekee haihitaji mwelekeo.

Wiki ya 3: kitovu kikihama, hakiki zetu zinalala usingizi

Kadi za mzunguko kwenye kitovu kisicho chanzo. Utaratibu una hatua tatu: toa kitovu, zungusha, rudisha kitovu. Kwa kitovu P(1, −1) na nyuzi 90 kinyume cha saa:

A(2, 1) ukitoa P ni (1, 2). Ikizungushwa ni (−2, 1). Ukirudisha P ni (−1, 0).
B(5, 1) inapita (4, 2), kisha (−2, 4), inaishia (−1, 3).
C(2, 3) inapita (1, 4), kisha (−4, 1), inaishia (−3, 0).

Kosa la kawaida kabisa ni kusahau hatua ya tatu. Hapo ndipo hakiki za wiki ya 1 zilipoonyesha udhaifu wao. Mtu aliyesahau anapata (−2, 1), (−2, 4), (−4, 1): pande 3, 2 na √13, eneo +3. Kila kitu kiko sawa isipokuwa mahali pembetatu ilipokaa. Urefu na eneo havijui mahali.

Hakiki ya tatu imeongezwa: kitovu lazima kibaki kilipo. Pitisha P yenyewe kwenye hesabu. (1, −1) ikitoka (1, −1), sawa. Aliyesahau kurudisha anapata (0, 0), na kosa limejitaja lenyewe. Kwa uakisi, hakiki hiyo inakuwa: nukta yoyote ya mstari wa kioo lazima ibaki pale pale. Kwa ukuzaji, kitovu cha ukuzaji. Uhamisho hauna nukta isiyohama, na hiyo pia ni alama ya kuutambua.

Linganisha na mzunguko ule ule kwenye chanzo, uliotoa (−1, 2), (−1, 5), (−3, 2). Tofauti kwa kila kipeo ni (0, −2). Kubadilisha kitovu hakubadilishi mzunguko. Kunaongeza uhamisho tu. Uhamisho huo ni P toa taswira ya P kwenye mzunguko wa chanzo: (1, −1) toa (1, 1), yaani (0, −2). Kwa hiyo ukiwa umeshachora mzunguko wa chanzo, huna haja ya kuanza upya, telezesha tu.

Kadi mbili zinauliza kinyume: umepewa umbo na taswira, tafuta kitovu. Kwa rula na bikari: unganisha A na A′, chora mstari unaoukata huo katikati kwa pembe mraba, rudia kwa kipeo kingine, na pale mistari miwili inapokutana ndipo kitovu kilipo. Kwa hesabu, AA′ ina katikati (0.5, 0.5) na mteremko 1/3, hivyo mkata-kati wake ni y = −3x + 2. BB′ ina katikati (2, 2) na mteremko −1/3, hivyo mkata-kati ni y = 3x − 4. Zinakutana (1, −1).

Tahadhari ya mkono, ambayo mafunzo mengi huiruka: haijalishi kwa hesabu ni vipeo gani viwili umechagua, lakini kwa penseli inajalisha sana. Wakata-kati wa A na C wanakutana kwa pembe ya takribani nyuzi 12.5 tu. Mstari mmoja ukikosea kwa nusu milimita, makutano yanaweza kuteleza zaidi ya milimita 2 kando ya mstari mwingine. Wa B na C wanakutana kwa nyuzi 49 hivi, na kosa lile lile linasogeza makutano takribani milimita 0.7. Kadi sasa inaelekeza kutumia B na C, na A kuwa ya kuthibitisha.

Wiki ya 4: kioo cha mstari wowote

Uakisi kwenye mistari ya x = k na y = k umemalizika bila tabu: x inakuwa 2k − x, au y inakuwa 2k − y. Wanaokosea huandika k − x. Dawa ni ile hakiki ya tatu: weka x = k, inatakiwa itoke k.

Kadi ngumu ni mstari mshazari. Imechaguliwa y = 2x + 1. Hatua: shusha kila kitu kwa 1 ili mstari upite kwenye chanzo, akisi, pandisha kwa 1. Kwa mstari y = mx, kanuni ya uakisi ni

x′ = [(1 − m²)x + 2my] ÷ (1 + m²)
y′ = [2mx + (m² − 1)y] ÷ (1 + m²)

Kwa m = 2 inakuwa x′ = (−3x + 4y)/5 na y′ = (4x + 3y)/5. B(5, 1) inashuka kuwa (5, 0), inaakisiwa kuwa (−3, 4), inapanda kuwa (−3, 5). A inaishia (−1.2, 2.6), C inaishia (0.4, 3.8).

Hakiki: katikati ya B na B′ ni (1, 3), na 2 × 1 + 1 = 3, imo kwenye mstari. Katikati ya A na A′ ni (0.4, 1.8), imo. Eneo lenye alama ni ½[(−1.8)(1.2) − (1.6)(2.4)] = ½(−2.16 − 3.84) = −3. Imekubali.

Kwa nini m = 2 na si m = 1.5? Kigawanyo 1 + m² ni 5, na kugawanya kwa 5 kunatoa desimali moja safi. m = 3 inatoa 10, nayo ni nzuri. m = 1.5 inatoa 3.25, na kadi ingejaa desimali zisizoisha.

Kanuni ya m haina jibu kwa mstari wima, maana m haipo. Ndani ya programu imebadilishwa kuwa ya pembe: x′ = x cos 2θ + y sin 2θ, y′ = x sin 2θ − y cos 2θ, θ ikiwa pembe ya mstari kutoka mhimili wa x. Kwa θ = nyuzi 90 inatoa (−x, y) bila kulalamika. Kwenye kadi za karatasi kanuni ya m imebaki, kwa sababu mwanafunzi anaiona m kwenye mlinganyo wake moja kwa moja.

Wiki ya 5: programu

Kila geuzo limehifadhiwa kama matriki (jedwali la namba) ya 3 kwa 3, na kila nukta kama safu wima (x, y, 1). Ile 1 ya chini ndiyo inayoruhusu uhamisho kuingia kwenye kuzidisha. Matriki ya 2 kwa 2 haiwezi kukihamisha chanzo hata ifanyweje. Kujenga matriki hakuhitaji kitabu cha kanuni: safu wima ya kwanza ni pale (1, 0) inapokwenda, ya pili ni pale (0, 1) inapokwenda, geuzo likiwa la chanzo. Mzunguko wa nyuzi 90: (1, 0) inakwenda (0, 1), (0, 1) inakwenda (−1, 0). Imekwisha.

Makosa yaliyojitokeza, kwa mpangilio wa usumbufu wake:

Kuiandika x upya kabla ya kuitumia. Toleo la kwanza lisilo na matriki lilikuwa na mistari miwili ya msimbo: x = x·cos − y·sin, kisha y = x·sin + y·cos. Mstari wa pili unasoma x mpya badala ya ya zamani. Kwa nyuzi 180 hakuna kinachoonekana, kwa kuwa sin ni 0, na jaribio la kwanza lilikuwa la nyuzi 180, kwa bahati mbaya. Kwa nyuzi 90 pembetatu nzima inakunjamana kuwa mstari: A na B zote zinaangukia (−1, −1), C inaangukia (−3, −3). Kwa nyuzi 30 umbo linabaki pembetatu, ila eneo ni 2.25 badala ya 3. Ukiifungua hesabu, eneo linazidishwa kwa cos² ya pembe, na cos² ya 30 ni robo tatu. Kwa pembe ndogo kama nyuzi 5 eneo linapungua kwa chini ya asilimia 1, na jicho halioni. Tiba ni kuhifadhi x ya zamani kwa jina lingine, au kukokotoa zote mbili ndipo uandike.

Radiani. Lugha nyingi za programu husoma pembe za sin na cos kwa radiani (mzunguko kamili ni radiani 2π, takribani 6.28). Ukiandika 90, haitoki hitilafu yoyote. Umbo linazunguka kwa takribani nyuzi 116.6, kwa sababu radiani 90 ni mizunguko kamili 14 na mabaki hayo. Pande sawa, eneo sawa, kitovu sawa! Hakiki zote tatu zinapita. Hili limelazimisha hakiki ya nne, ya (1, 0): taswira yake lazima iwe (cos, sin) ya pembe iliyoombwa, na kwa nyuzi 90 ni (0, 1).

Kulinganisha kwa usawa kamili. Cos ya π/2 kwenye kompyuta si 0 bali takribani 0.0000000000000000612, maana π yenyewe imekatwa. Programu iliyouliza "je, x′ ni sawa na −1?" ilijibu hapana kwa majibu sahihi. Sasa inauliza kama tofauti ni chini ya 0.000000001.

Kuzungusha kilichozungushwa. Kwa kionyeshi cha mwendo, umbo linageuzwa nyuzi 1 mara 360. Kwa namba za kompyuta zenye desimali zake zote kosa ni dogo mno. Lakini zoezi hilo lilijaribiwa kwa namba za desimali nne, kama za jedwali: cos 0.9998, sin 0.0175. Kwa kila hatua eneo linazidishwa kwa 0.9998² + 0.0175² = 0.99990629. Baada ya hatua 360 eneo ni takribani 2.90, na umbo limezunguka nyuzi 361 badala ya 360. Kasoro mbili kwa pamoja, kunywea na kupitiliza. Suluhisho si kuongeza desimali tu. Ni kuhifadhi nukta za awali na kila mara kuzungusha hizo kwa pembe jumla, badala ya kuendelea kuzungusha taswira.

Skrini. Kwenye skrini y huongezeka kwenda chini. Dirisha ni pikseli 800 kwa 600, kizio kimoja pikseli 40, chanzo katikati: X = 400 + 40x, Y = 300 − 40y. A inachorwa (480, 260). Ukisahau alama ya kutoa kwenye Y, mzunguko wa kinyume cha saa unaonekana kwa mwelekeo wa saa, na mtu anaanza kurekebisha kanuni ya mzunguko ambayo haikuwa na kosa. Na hata ukiiweka, ujue kwamba kuhamia pikseli ni geuzo lenye uakisi ndani yake: eneo lenye alama linakuwa −4800. Hakiki zifanyike kwenye majiranukta ya hesabu, kamwe si kwenye pikseli.

Wiki ya 6: mpangilio

Kadi 6 za mchanganyiko. Somo lake ni moja: kipi kilitangulia.

Akisi kwenye mhimili wa x, kisha kwenye y = x. (x, y) inakuwa (x, −y), kisha (−y, x), yaani nyuzi 90 kinyume cha saa. Anza na y = x, kisha mhimili wa x: (y, x), kisha (y, −x), nyuzi 90 kwa mwelekeo wa saa. Uakisi mara mbili kwenye mistari inayokatana ni mzunguko wa mara mbili ya pembe kati ya mistari, kutoka wa kwanza kuelekea wa pili. Hapa pembe ni 45.

Mistari ikiwa sambamba, matokeo ni uhamisho wa mara mbili ya umbali. x = 1 kisha x = 4: x inakuwa 2 − x, kisha 8 − (2 − x) = x + 6. Ukigeuza mpangilio ni x − 6.

Kwenye matriki, geuzo la kwanza linaandikwa kulia. M₂M₁ maana yake M₁ imefanya kazi kwanza, kwa kuwa ndiyo iliyo karibu na nukta. Wengi husoma kutoka kushoto kama sentensi na kugeuza mambo. Kadi ya 28 iliandikwa kwa kosa hilo hilo na programu ikaikataa, imesahihishwa.

Jozi zisizojali mpangilio zimeepukwa kwenye maswali: uhamisho kwa uhamisho, mizunguko yenye kitovu kimoja, uakisi kwenye mistari miwili inayokatana kwa pembe mraba. Swali la mpangilio lenye jozi kama hiyo halipimi chochote.

Wiki ya 7: ukuzaji, mlazo

Ukuzaji kwa kipimo −2, kitovu (1, 2): x′ = 3 − 2x, y′ = 6 − 2y. Taswira ni A′(−1, 4), B′(−7, 4), C′(−1, 0). Eneo ni +12, chanya. Kipimo hasi si uakisi: kinageuza umbo nusu mzunguko na kulikuza, na (−2)² ni +4. Kadi moja imeundwa kwa ajili ya dhana hiyo potofu tu. Kutafuta kitovu ni kuunganisha AA′, BB′, CC′. Kwa kipimo hasi kitovu kinakaa kati ya umbo na taswira, si nje.

Mlazo ni lile geuzo la rundo la karata linalosukumwa kwa juu: kila safu inateleza kwa kadiri ya kimo chake. x′ = x + 2y, y′ = y. A′(4, 1), B′(7, 1), C′(8, 3). Eneo linabaki 3, AB inabaki 3, lakini AC imetoka 2 hadi √20. Anayepima upande wa AB pekee ataapa kwamba umbo limehamishwa tu.

Dokezo lililoingizwa nyuma ya kadi ya mlazo: mzunguko wa nyuzi 90 unaweza kufanywa kwa milazo mitatu, x ← x − y, kisha y ← y + x, kisha x ← x − y. A(2, 1) inapita (1, 1), (1, 2), na kuishia (−1, 2). Hapa, tofauti na kosa la wiki ya 5, kuisoma x mpya ndiyo kazi yenyewe. Kwa pembe yoyote, vipimo vya milazo ni −tan(θ/2), sin θ, −tan(θ/2). Alan Paeth aliitumia njia hii mwaka 1986 kuzungusha picha za pikseli, kwa kuwa kila mlazo unatelezesha safu nzima na hauachi matundu.

Wiki ya 8: uchapaji na kadi zilizobaki

Kadi ni A6, milimita 105 kwa 148. Gridi inatoka −7 hadi 9, kizio kimoja milimita 6, hivyo inachukua milimita 96 na kuacha 4.5 kila upande. Jaribio la kwanza la uchapaji lilitoa vizio 10 vya mlalo kwa milimita 60 na vya wima kwa 58.5. Inaonekana ndogo, lakini mstari y = x unashuka hadi nyuzi 44.3, na anayezungusha nukta iliyo vizio 10 kwa bikari anakosea kwa milimita 1.5, robo ya kizio. Chaguo la kubana ukurasa limezimwa na sasa pande zote mbili zinapimwa kwa rula kabla ya kukata kadi.

Kadi za "taja geuzo" zimepewa utaratibu wa kufuata. Pima pande: zisipolingana, ni ukuzaji au mlazo. Zikilingana, angalia alama ya eneo. Chanya: kama AB na A′B′ ni sambamba, ni uhamisho au nusu mzunguko, la sivyo ni mzunguko mwingine. Hasi: tafuta katikati za AA′, BB′, CC′, zote ziko kwenye mstari wa kioo. Halafu thibitisha kwamba AA′ inaukata mstari huo kwa pembe mraba.

Thibitisho hilo la mwisho lilifichua kasoro kwenye kadi ya 33. Taswira yake ni A′(6, −1), B′(9, −1), C′(6, −3). Eneo ni −3, na katikati ni (4, 0), (7, 0), (4, 0), zote juu ya mhimili wa x. Jibu lililoandikwa nyuma lilikuwa "uakisi kwenye mhimili wa x". Lakini AA′ ina mteremko −1/2, haikati mhimili kwa pembe mraba. Ni uakisi ulioambatana na uhamisho wa (4, 0) kandokando ya kioo, na hakuna uakisi mmoja wala mzunguko mmoja unaoweza kuufanya. Tena katikati za AA′ na CC′ ni nukta moja, hivyo anayetumia A na C pekee hapati mstari wowote.

Hali ya kazi: kadi 34 zimepita hakiki zote nne. Kadi ya 33 inaandikwa upya pamoja na jozi yake ya 34, moja ikiwa uakisi mtupu na nyingine uakisi wenye mtelezo, zikiwa na mstari wa kioo ule ule.